Barua kwa mwanangu anayetaka kuchora kitabu cha watoto

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma zaidi ya mara moja. Unasema picha zako za tembo na Wamaasai zinanunuliwa vizuri hapo Arusha, ila sasa moyo umehamia kwenye kitabu cha watoto. Ukaniuliza: "Mama, wewe ulitokaje kwenye picha za ukutani ukafika kwenye kitabu, na mimi nianzie wapi?"

Rangi ziweke pembeni kwanza. Chukua karatasi nane, zikunje pamoja katikati, zishone mgongoni kwa uzi. Hapo una kurasa 32. Vitabu vingi vya picha vina kurasa hizo kwa sababu kiwandani huchapwa karatasi kubwa, kisha hukunjwa, na kurasa hutoka kwa mafungu ya 8 au 16. Toa ukurasa wa jina na wa hakimiliki, uone hadithi imebakiwa na nafasi ngapi. Ni chache. Kazi yote ni kuzigawa hizo.

Picha ya ukutani husema yote kwa mara moja: mtalii anasimama, anatazama, anaondoka nayo. Ya kitabuni lazima ibakize kitu, mtoto atake kufunua.

Unaikumbuka hadithi ya Kibo na Mawenzi, vile vilele viwili vya Kilimanjaro, ile bibi yako aliyokuwa akiwasimulia jikoni? Mawenzi kazimikiwa na moto, anakwenda kwa Kibo kuomba kaa, anarudi tena na tena, mpaka Kibo anachoka na kumtandika kwa mchi. Ndiyo maana kichwa cha Mawenzi kina mapengo mpaka leo. Nilipoichora, pigo lenyewe sikulichora. Ukurasa wa kulia mchi uko juu, basi. Ukifunua, Mawenzi tayari ana mapengo na Kibo kageuza uso. Anayepiga ni mtoto mwenyewe, kwa mkono wake unaofunua karatasi. Nilipowasomea watoto wa darasa la awali, walipofika hapo walinyamaza kabisa, halafu wakataka turudi nyuma tufunue tena.

Vilevile usichore kilichokwisha kusemwa. Maandishi yangu yalisema, "Moto wa Mawenzi ulizimika." Nikachora mafiga matatu na paka amejikunyata juu ya jivu. Neno paka halimo popote kitabuni, lakini jivu lenye moto paka halalii, na watoto walilijua hilo bila kuambiwa. Maneno na picha vigawane kazi, mwanangu.

Mkunjo wa katikati nao uuangalie, maana unameza kila kinachokaa hapo. Mimi mlima wenyewe ulinisaidia: ukiutazama kutoka Moshi, Kibo yuko kushoto na Mawenzi kulia, kwa hiyo kila mmoja alipata ukurasa wake na mkunjo ukaangukia ule uwanda ulio kati yao. Uso wa mtu usiuweke hapo kamwe.

Rangi utaziona mwishoni. Mashine huchanganya wino wa aina nne tu: samawati, majenta, njano na nyeusi. Ile kijani yako inayowaka na ile machungwa zitapoa zikichapwa. Dai nakala ya majaribio uishike mkononi, uitazame kwenye mwanga wa jua, kabla hujaruhusu zichapwe zote.

Kuhusu mkataba, kuuza michoro na kuuza hakimiliki ni vitu viwili. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inakulinda, ila ukishatia sahihi karatasi inayosema umeachia haki zote, umeachia. Soma kila mstari. Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, na ukitaka kitabu kitumike shuleni, lazima kipate ithibati, yaani kibali rasmi. Hayo mchapishaji mzuri atakusaidia. Watalii wako usiwaache; kitabu hulipa polepole, na kodi ya nyumba haisubiri.

Ukishashona hilo daftari, lichore kwa penseli tu, hata kama watu ni vijiti, ulete Jumamosi. Watoto wa jirani wapo. Tutawasomea, wewe ukae pembeni uangalie ni ukurasa gani wanaanza kucheza na viatu vyao. Huo ndio utakaouchora upya.

Mama yako,
Moshi