Je, kudai haki wakati wa machafuko ni fitna?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Mdogo wangu alikamatwa katika msako uliofuata machafuko, na hadi leo hajafikishwa mahakamani wala hatujaambiwa kosa lake. Khatibu wetu amesema kwamba wakati wa hatari usalama hutangulia haki, na kwamba miaka sitini ya mtawala dhalimu ni bora kuliko usiku mmoja bila mtawala. Basi anayepaza sauti ni mchochezi wa fitna. Je, ninyamaze? Na je, niendelee kuswali nyuma yake?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Ndugu yangu, Mwenyezi Mungu amhifadhi mdogo wako na awape wazazi wenu subira. Uharamu wa kumwaga damu na wa kuasi kwa silaha sina haja ya kuurudia. Kudai kwamba aliyekamatwa afikishwe mbele ya hakimu si fitna, kwani Qur'ani imemruhusu aliyedhulumiwa kuitangaza dhulma aliyotendewa (4:148).

Kauli ya miaka sitini mwanachuoni Ibn Taymiyya ameinukuu kweli katika As-Siyasa ash-Shar'iyya, kitabu chake juu ya utawala wa kisheria, lakini aliinukuu kuthibitisha kwamba watu hawawezi kukaa bila utawala, wala hakukusudia kuihalalisha dhulma; kitabu chenyewe amekijenga juu ya aya inayoamrisha kurudisha amana kwa wenyewe na kuhukumu kwa uadilifu (4:58). Laiti wanaoipenda kauli hiyo wangekumbuka pia kwamba aliyeinukuu alifia kifungoni katika ngome ya Damascus mwaka 1328.

Wengine huja na hoja nzito zaidi, kwamba dharura huhalalisha yaliyokatazwa. Kanuni hiyo ni sahihi, ila huikata katikati. Majalla, mkusanyo wa sheria wa dola ya Uthmaniya ya Waturuki, iliyotungwa kati ya 1869 na 1876, imeitaja katika kifungu cha 21, na papo hapo kifungu cha 22 kinasema kwamba dharura hupimwa kwa kadiri yake, kisha cha 33 kinaeleza kwamba dharura haibatilishi haki ya mtu mwingine. Na tazama ni nani aliyepata nafuu wakati wa dharura katika zama za wema waliotangulia. Katika mwaka wa ukame, 18 Hijria, khalifa Umar bin Al-Khattab hakuongeza ukali, bali alisimamisha adhabu ya kukata mkono wa mwizi kwa kuwa njaa ilikuwa imewabana watu. Khalifa Ali bin Abi Talib, katikati ya vita vya Waislamu wenyewe kwa wenyewe, aliwaambia Makhawarij, kundi lililojitenga naye na kumpinga hadharani, kwamba hatawazuia misikiti, hatawanyima fungu lao la mali ya umma, wala hatawaanza kwa vita. Mtu atasema kwamba hao hao ndio waliomuua. Ndiyo, mwaka 661. Na imepokewa kwamba hata akiwa na jeraha la mauti aliusia muuaji wake asikatwekatwe viungo.

Sisemi kwamba kumzuia mtuhumiwa ni haramu, kwa sababu imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alimzuia mtu kwa tuhuma, kisha akamwachia. Ninachokikataa ni kizuizi kisicho na mwisho wala hakimu. Tena Abu Dawud, mkusanyaji wa hadithi, amepokea kwamba mtu mmoja alisimama wakati Mtume akihutubu, akauliza majirani zake wamekamatwa kwa kosa gani. Mtume aligeuza uso mara mbili, kisha akaamuru waachiliwe. Muulizaji huyo hakuitwa mchochezi, naye alimkatiza khutba mbora wa viumbe!

Basi tafuta wakili, andika siku aliyokamatwa na majina ya walioshuhudia, na upeleke maombi mahakamani. Usidai usichokijua. Ninachokihofia zaidi ni watu watakaokuja kukupa pole kisha wakakwambia kwamba dola haielewi ila bunduki; hao nao wanasema kwamba hatari imeifuta sheria, na hoja yao haitofautiani na ya khatibu wako isipokuwa kwa upande wanaoutumikia. Usiwape sikio, hata siku ambayo mahakama itakukatisha tamaa.

Swala yako nyuma ya khatibu huyo ni sahihi, wala usiihame swala ya jamaa. Mwendee faraghani, kwa adabu, umsomee hadithi ya majirani, na umwombe amwombee dua mdogo wako Ijumaa ijayo.