Barua kwa mwanangu: chuo kidogo au chuo kikuu kikubwa?

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Umepata nafasi mbili Marekani, Chuo cha Grinnell kule Iowa na Chuo Kikuu cha Michigan, na unauliza: "Baba, ungekuwa wewe ungekwenda wapi?" Ahsante kwa kuniuliza kabla hujaamua. Mimi ningekwenda Grinnell.

Kwanza tuyaweke kando maneno ya baba yako mdogo. Akisikia "chuo" tu anafikiria cheti na stashahada, na akisikia "sanaa huria" anadhani unakwenda kujifunza kuchora. Vyuo vya sanaa huria kama Grinnell vinatoa shahada ya kwanza kamili, na biolojia, kemia na hisabati zimo pamoja na historia na falsafa. Grinnell ina wanafunzi wapatao 1,700 na haina uzamili wala uzamivu, kwa hiyo kazi kubwa ya profesa pale ni kumfundisha mtu kama wewe. Michigan wako zaidi ya 50,000. Huko profesa anapanda cheo zaidi kwa utafiti anaouchapisha.

Mimi nilisoma chuo kikuu kikubwa cha namna hiyo, ingawa si Michigan. Kemia ya mwaka wa kwanza tulikuwa karibu 400 ukumbini. Swali ulimpelekea msaidizi, kijana wa uzamivu mwenye mitihani yake mwenyewe shingoni. Mtihani wangu wa kwanza ulirudi umeandikwa 71, basi, bila neno hata moja. Mwaka wa nne nilipotafuta barua za kunipendekeza, profesa niliyemfuata ofisini aliniuliza nilisoma kwake somo gani. Nilikuwa nimesoma kwake mawili. Barua aliiandika, mistari sita.

Lakini maabara zao, mwanangu, sijaona tena mfano wake. Mwaka wa tatu nilipata kazi ya kuosha bika na neli, na baada ya miezi minne mtafiti mmoja akaniachia niendeshe sampuli kwenye mashine ambayo nyumbani nilikuwa nimeiona kitabuni tu. Usiku ule sikupata usingizi kwa furaha. Ungekuwa unataka uhandisi ningekwambia nenda Michigan, maana vyuo vidogo vingi havina uhandisi. Wewe unataka biolojia ya mimea, na darasani ni mtu wa kukaa kimya mpaka uulizwe. Nimekulea, nakujua. Kwenye watu 400 hakuna atakayekuuliza.

Nikiwa uzamili niliishi chumba kimoja na mwenzangu aliyetoka chuo kidogo. Siku moja alinitolea insha yake ya mwaka wa kwanza, kaitunza kwenye bahasha. Pembeni kote ni penseli ya mwalimu: "Umejuaje?" "Una uhakika?" "Hoja yako ni hii, mbona umeificha?" Nyuma ya ukurasa wa mwisho mwalimu kamwandikia barua nzima. Niliona wivu. Pale Grinnell kila anayeingia mwaka wa kwanza lazima achukue semina moja ndogo ya kusoma, kuandika na kujadiliana, na mwalimu wa semina hiyo ndiye anayekuwa mshauri wake wa masomo. Hilo ndilo somo pekee la lazima kwa wote. Mengine mnayapanga pamoja.

Unaogopa kukosa utafiti. Mtazame Wangari Maathai, mwanabiolojia wa Kenya aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani. Mwaka 1960 aliondoka Kenya na wanafunzi wenzake waliopelekwa Marekani kwa ndege, akapelekwa Mount St. Scholastica, chuo kidogo cha masista Wabenedikto huko Atchison, Kansas. Alihitimu biolojia mwaka 1964, ndipo akaenda University of Pittsburgh kwa uzamili, na uzamivu akaupatia Nairobi mwaka 1971. Maabara kubwa zilimsubiri. Hata wewe zitakusubiri, na utaziingia ukiwa na walimu wawili watatu wanaoweza kukuandikia barua ya kurasa mbili bila kuuliza jina lako.

Upweke utakuwepo, sikufichi. Mji wa Grinnell haufikishi watu 10,000, na ukitoka nje ya mji ni mahindi na soya mpaka macho yachoke. Ann Arbor, mji wa Chuo Kikuu cha Michigan, ingekuwa rahisi zaidi kumpata mtu wa kwetu.

Usitie sahihi popote kabla hujanitumia barua zote mbili za msaada wa fedha. Tutajumlisha ada, malazi, chakula, bima na nauli, tutoe wanachokupa, tuone kinachobaki. Vyuo vikuu vya majimbo humtoza mgeni zaidi sana kuliko mwenyeji wa jimbo, na mshahara wangu unaujua. Hesabu ikikataa Grinnell, nipigie, tukae upya.

Mama yako anakusalimu. Jana alikwenda soko la mitumba la Memorial kukutafutia koti, kapata la kijivu, zito, mikono inakuzidi kidogo. Ameshalifua, liko kwenye kamba.

Baba yako