Milioni 157 za Waogiek, kila boma litapata ngapi?

SWALI: Mhariri habari. Mimi nimeolewa kwa Waogiek na huku watu wanabishana juu ya zile milioni za korti ya Arusha, wengine ati kila boma litapewa chake, shemeji yangu ameshaanza kuulizia ng'ombe. Kila mtu atapata ngapi? Na hii maneno ya "kutambuliwa" tutaila?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Dada, shemeji aache ng'ombe kwanza. Tarehe 23 Juni 2022 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hiyo korti ya Arusha, iliamuru serikali ya Kenya iwalipe Waogiek, jamii ya msitu wa Mau, shilingi 57,850,000 za hasara ya mali na 100,000,000 za machungu waliyopitia, lakini hizo pesa ni za mfuko wa maendeleo wa jamii, sio za mfukoni mwa mtu. Na hata zingegawanywa, wakiwa watu elfu 50 tu kila mmoja anapata kama 3,157, hapo utanunua mkia.

Hiyo ya kutambuliwa ndio yenyewe. Wakoloni waliwaita Dorobo, jina lililotoka kwa Wamaasai, yaani maskini asiye na ng'ombe (pengine ndio bado linamuuma shemeji!), alafu Tume ya Carter, tume ya ardhi ya hao wakoloni, kwa ripoti yake ya 1934 ikapendekeza wahamishiwe rizavu za makabila mengine, wamezwe huko. Sasa mtu akishaandikwa kama kipande cha kabila lingine atadai msitu kwa jina gani? Babu ametundika mizinga ya nyuki kwa mti uleule maisha yake yote, lakini kwa karatasi yeye ni mvamizi, na ndio maana Oktoba 2009 ikaja notisi ya siku 30 watoke Mau, ati wanaharibu msitu. Hiyo hoja korti iliikataa tarehe 26 Mei 2017, ikasema Mau imeharibiwa na watu wengine walioingia, na serikali yenyewe kumega vipande na kutoa vibali vya kukata miti.

Kwa hiyo 2022 ikaamuru lugha, dini na mila za Waogiek zitambuliwe, na ndani ya miaka 2 ardhi ya mababu ipimwe wapewe taito ya pamoja. Miaka 2 iliisha Juni 2024, na kabla haijaisha, Novemba 2023, watu wakabomolewa nyumba Sasimwani kule Narok. Kuomba msamaha hadharani korti ilikataa kuamuru, ikaona hukumu inatosha, hapo mimi sikubaliani nao kabisa, mzee aliyechomewa nyumba hasomi hukumu.

Mkikaa baraza msibishane mgao, ulizeni nani anaketi kwa kamati ya huo mfuko, maana korti ilitaka wawemo watu waliochaguliwa na Waogiek wenyewe. Na wewe usiachwe jikoni na birika ya chai wakati majina yanaandikwa.