Akirudi kutoka soba, ndipo umwangalie zaidi

Tukiwa na ndugu teja tunahangaika wee mpaka akubali kwenda soba, nyumba ya kuachia dawa za kulevya. Siku anayorudi kanenepa, anasalimia majirani, nyumba nzima inashusha pumzi. Mimi nimemuuguza mdogo wangu aliyekuwa akitumia unga, yaani heroini, na nasema hapo ndipo pa kufungua macho.

Sababu iko mwilini. Anayevuta au kujidunga kila siku mwili wake huzoea, ndiyo maana kete, vile vifuko vya unga, huongezeka. Akikaa soba au jela hata wiki chache, mazoea yale yanaondoka, ila hamu inabaki. Akiteleza, atachukua kipimo chake cha zamani, na sasa kipimo hicho kinaua.

Kinaua kimyakimya. Mdogo wangu tulimsikia anakoroma mchana, koromo zito la kukatikakatika, shemeji akasema mwacheni alale. Nilipomfunua jicho, mboni imekuwa kitone tu, na midomo imeanza kuingia rangi ya buluu. Vijiweni wana dawa zao: maji ya baridi, maziwa, wengine humdunga maji ya chumvi. Hakuna hata moja inayorudisha pumzi. Mwite, mtikise. Kama pumzi inakatika, mpulizie mdomo kwa mdomo huku mwingine akitafuta gari. Kama anapumua, mlaze ubavu asipaliwe na matapishi.

Hospitali semeni ni unga. Mkisema malaria kwa kuona haya, daktari atachelewa kufikia naloksoni, sindano inayouondoa unga kwenye ubongo ndani ya dakika chache. Nguvu yake hudumu kama nusu saa mpaka saa moja na nusu, kisha mgonjwa anaweza kuzama tena, kwa hiyo msikubali kuondoka naye hata akiamka anawatukana. (Atawatukana; arosto, yale maumivu ya kukosa unga, inampiga palepale.)

Kwa tiba ya muda mrefu, mimi ni mtu wa methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya unga na kuzuia arosto. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, walianza Februari 2011, zikafuata za Mwananyamala na Temeke, na ni bure. Kwa kawaida anakunywa mbele ya mhudumu kila siku, sikukuu ikiwemo. Utasikia watu wakisema kabadilisha ulevi tu. Hao hawajaishi na mtu aliyekuwa akiuza masufuria ya mama yake, leo anaamka alfajiri, anakunywa dozi, anaenda kibaruani.

Wengi huangushwa na nauli. Safari ni ya kila siku, na kumpa pesa mkononi asubuhi kabla hajanywa dawa ni kumtia majaribuni bure. Mimi nilielewana na bodaboda wa mtaani, namlipa mwenyewe kila Jumamosi.

Na akianzishiwa dawa za kifua kikuu, watu wa methadoni wajue siku hiyohiyo. Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, huimaliza methadoni mwilini haraka, arosto inamrudia, na nyumbani mtadhani kaamua kurudi kijiweni, kumbe alihitaji kuongezewa dozi.