Kabla ya kioo na kisu, jua ni kichwa cha nani

Kama umepewa kazi ya kutengeneza dakika mbili za mwanzo za filamu ya taharuki ya kisaikolojia, nimepita hapo ulipo. Kikundi chetu kiliweka kila kitu tulichowahi kukiona kwenye filamu za aina hiyo: kioo kilichopasuka, kamera iliyoinama, mkono wenye glavu, vipande vya magazeti, muziki mzito tangu sekunde ya kwanza. Tulipoionyesha darasani, mwalimu aliuliza, "Huyu ni nani, na anaogopa nini?" Hakuna aliyejibu, hata mimi niliyeandika mswada.

Lijibu swali hilo kabla hujaazima kamera. Filamu ya kutisha ya kawaida inakuogofya kwa kilichoko nyuma ya mlango. Ya kisaikolojia inakufanya usiwe na hakika kama mlango wenyewe upo, kwa sababu unatazama kwa macho ya mtu usiyeweza kumwamini. Basi andika sentensi moja: mhusika wangu anaamini nini kisicho kweli? Tuliporuhusiwa kurudia, yetu ilikuwa hii: mwanamke anaamini kuna mtu anayeingia chumbani mwake usiku na kuhamisha vitu, kumbe anayevihamisha ni yeye mwenyewe. (Tafadhali usikimbilie kumfanya mgonjwa wa akili kuwa muuaji. Njia hiyo imechakaa, na inawaumiza watu walio hai.)

Ukishaipata sentensi hiyo, kanuni za utanzu zinapata kazi ya kufanya. Kioo, kwa mfano. Wengi hukiweka kwa kuwa wamesikia kinaashiria nafsi iliyogawanyika, wakaishia hapo. Sisi tulikitumia kuonyesha kikombe mezani, nyuma ya yule mwanamke, mahali palipokuwa patupu katika shoti (kipande cha picha kisichokatwa) iliyotangulia. Mtazamaji anakiona, yeye bado. Alfred Hitchcock, mwongozaji maarufu wa filamu za taharuki, alimfafanulia mwongozaji mwenzake wa Ufaransa, François Truffaut, jambo hili walipozungumza mwaka 1962: bomu lililo chini ya meza likilipuka ghafla, hadhira inashtuka kwa sekunde 15, lakini hadhira ikijua mapema kwamba bomu lipo, maongezi yale yale ya kawaida yanaibana roho kwa dakika 15. Kikombe kilikuwa bomu letu, kwa hiyo hatukukata haraka. Tulimwacha achane nywele.

Kamera ukiiinamisha tangu mwanzo, jicho linazoea mapema na huna tena cha kuongeza. Iache wima kwenye stendi yake, kisha iinamishe mara moja tu, pale anapogeuka. Kwa mwanga, taa moja ya pembeni inatosha, ila hakikisha jicho moja linaonekana.

Sauti ndiyo inayonipa uchungu, maana wanafunzi hutumia siku nzima kupanga taa na kuikumbuka sauti wakati wa kufungasha vifaa. Kabla hamjaondoka, rekodini kimya cha chumba chenyewe, yaani ule mvumo hafifu unaobaki watu wakinyamaza, kwa sekunde 30 au zaidi, kila mtu ametulia. Kimya hicho utakitandaza chini ya picha wakati wa uhariri ili mikato isisikike. Halafu kifute ghafla, kwa sekunde moja, anapokiona kikombe: watazamaji watahisi chumba kimeishiwa hewa wala hawatajua kwa nini. Leta karibu mno sauti ndogo, kama pumzi yake au meno ya kitana. Na muziki uwe wa ala chache. Bernard Herrmann alitunga muziki wote wa Psycho, filamu ya Hitchcock ya mwaka 1960, kwa ala za nyuzi peke yake, na bado unakata kama wembe.

Majina ya waigizaji na watengenezaji yapangie nafasi mapema, wakati bado mnachora shoti kwenye karatasi. Sisi tulikaribia kuliweka jina la mhariri juu ya kikombe chenyewe.

Kisha usifichue siri. Dakika mbili hazitoshi kueleza, ila zinatosha kumfanya mtu atake ya tatu. Tulikatia pale anaponyoosha mkono kukigusa kikombe, akaurudisha haraka kwa sababu bado kilikuwa cha moto. Safari hii mwalimu hakuuliza ni nani. Aliyeuliza alikuwa mwanafunzi wa nyuma kabisa, taa zilipowashwa: "Sasa nani kakiweka pale?"