Frank Zappa ana albamu zaidi ya mia, uanzie wapi? Mimi nilianzia pabaya, wewe anza na Hot Rats

Mkuu, umesema jamaa yako wa chuo kakutajia Frank Zappa, yule mtunzi na mpiga gitaa wa Marekani, umeingia kumtafuta ukakuta albamu zaidi ya mia, nyingine laivu, nyingine majina yake hayaeleweki, sasa hujui uanzie wapi. Ngoja nikujibu kwa kirefu maana hii njia nimeipita mwenyewe, na mara ya kwanza niliipita vibaya nikapoteza miaka mitatu.

Mimi ni fundi simu hapa Dodoma mjini, kibanda changu kipo karibu na soko la Majengo. Mwaka 2012 kuna mzee alikuwa mtu wa mitambo ya sauti kanisani kwao, aliniletea kompyuta nimwokolee mafaili, diski ilikuwa inakufa, nikayatoa yote salama na kwa furaha aliyokuwa nayo akaniambia muziki wake nibaki na kopi. Humo ndani kuna foda limeandikwa Zappa, na ndani yake kuna mafoda madogo hamsini na kitu yamepangwa kwa mwaka, kuanzia 1966. Nikafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya, nikafungua la juu kabisa.

La juu ni Freak Out!, albamu ya kwanza ya bendi yake ya The Mothers of Invention, santuri mbili kwa mkupuo, na wakati ule bendi mpya kutoka na santuri mbili ilikuwa kitu adimu sana. Nyimbo za mwanzo nilizivumilia, kuna za mapenzi zimeimbwa kama vile mwimbaji anawacheka wanaoimba nyimbo za mapenzi, nikaenda nazo hivyo hivyo mpaka nikafika wimbo wa mwisho, dakika kumi na mbili za ngoma na watu wanaguna na kupiga mayowe, nikasimamisha, nikajua faili limeharibika wakati wa kulitoa kwenye diski. Nikarudi kwa yule mzee nikakopi upya. Lile lile. Ndivyo lilivyo, ndivyo alivyotaka liwe.

Sikukata tamaa, nikaruka mpaka We're Only in It for the Money ya 1968. Hii ndiyo iliyonimaliza. Jalada lake lilitengenezwa kuigiza jalada la Sgt. Pepper's la Beatles, na maneno mengi anawasema mahipi wa Marekani wa miaka ile, wale vijana wa maua na nywele ndefu, pamoja na wazazi wao na polisi wao. Sasa mimi Sgt. Pepper's nilikuwa sijaisikia, hipi sijawahi kumwona, Kiingereza changu ni cha kusomea kitabu cha saketi. Nikafunga foda.

Naomba nieleweke hapa, zile albamu si mbaya, leo nazipenda na ile ya 1968 nimeirudia mara nyingi mno. Ni sawa na kumchukua mgeni aliyeshuka jana umpeleke kwenye taarabu ukumbini, usiku umekolea, mwimbaji anatupa mipasho, wanawake wanainuka kwenda kutunza, ukumbi mzima unajua anayepigwa ni nani isipokuwa yeye. Sauti anaisikia vizuri tu ila jambo lenyewe limempita. Zappa wa miaka ya sitini ni mpashaji, na anaowapasha ni watu wa mtaani kwake. Ndiyo maana ushauri wa kuanza na ya kwanza halafu ufuate mwaka kwa mwaka, ambao utaupata kwa watu wengi tu, kwa mtu wa huku kwetu naupinga kabisa.

Kilichonirudisha ni safari. Machi 2015 natoka Kondoa kumwona dada, ile barabara ilikuwa bado ya vumbi, basi limejaa mpaka watu wamesimama, simu yangu nimeiweka icheze nyimbo bila mpangilio. Ikaingia kitu inaanza na dramu, mkong'oto mmoja mfupi, halafu ikaja melodi kama ya bendi ya brasi inayomsindikiza mtu mkubwa kuingia uwanjani, na kabla hujaizoea imekwenda inakuja nyingine, halafu nyingine, vinanda na saksafoni na filimbi vimeshonwa pamoja huoni mshono. Dakika tatu na nusu imeisha. Haina neno hata moja. Nikarudisha mwanzo. Mpaka tunaingia Dodoma nadhani niliisikiliza mara tisa au kumi, na earphone zenyewe upande wa kushoto ulikuwa umekufa, kesho yake nikachukua nzima pale kibandani kwangu nikaisikiliza upya, nikagundua kwenye basi nilikuwa nimesikia nusu ya wimbo tu, kuna vyombo vizima vilikuwa vinacheza upande ule uliokufa.

Hiyo ni Peaches en Regalia, wimbo wa kwanza wa Hot Rats, Oktoba 1969. Mkuu anza hapo. Albamu nzima ina nyimbo sita na tano kati yake hazina maneno, kwa hiyo hakuna mzaha wa Kimarekani wa kukuacha nje. Alirekodi kwa mashine ya traki 16, yaani inayoshika sauti kumi na sita kila moja peke yake kisha zikaunganishwa, wakati ule ndiyo zilikuwa zinaanza kuingia, ndiyo maana mtu mmoja, Ian Underwood, anaweza kupiga vinanda na saksafoni na filimbi zote humo akasikika kama kikosi kizima. Violini ya Sugarcane Harris kwenye The Gumbo Variations inalia mpaka unaona huruma. Kama umekulia kwenye dansi, umezoea kukaa na sebene refu la solo bila kuuliza mwimbaji kaenda wapi, basi masikio unayo tayari, wala usiogope neno rock. Ila ukikuta Gumbo moja ina dakika kama 13 na nyingine karibu 17 usichanganyikiwe, ile ndefu ni ya CD ambayo Zappa mwenyewe aliichanganya upya miaka ya themanini. Mimi nakwenda na ile ya 1969.

Huo wimbo mmoja wenye maneno ni Willie the Pimp, anaimba Captain Beefheart kwa sauti ya kukwaruza kama mtu aliyekula mchanga, anaimba mwanzoni tu halafu gitaa linachukua njia yote iliyobaki, dakika nyingi. Na hapa nikusimulie kitu.

Mjomba wangu yuko Chamwino, ni mpigaji wa marimba, namaanisha marimba yetu ya Kigogo, kasha la mbao lenye vyuma vya kupiga kwa vidole gumba. Kwenye kasha kuna tundu dogo, na lile tundu linabandikwa utando wa buibui. Ukipiga chuma, ule utando unatetemeka, sauti inatoka na mkwaruzo wake, kama nyuki yuko ndani. Bila ule utando mjomba anasema marimba imekufa, inalia kama kijiko. Siku moja nimeenda kumsalimia, amekaa nje anabandika utando mpya, anaupuliza taratibu kwa mdomo usichanike, nami nimeweka Willie the Pimp kwenye spika ndogo. Nilikuwa najiandaa kuambiwa nizime. Akasikiliza lile gitaa kwa muda mrefu, lile linalokwaruza na kufunguka na kufumba kama mdomo wa mtu, kisha akasema, "Huyu naye kaweka utando." Nikamwambia shikamoo mjomba upya. Maana mimi nilikuwa nimesoma maelezo marefu ya watu kuhusu sauti ya gitaa la Zappa, na hakuna aliyenielewesha kama yale maneno manne.

Sasa baada ya Hot Rats, na uipe wiki mbili usiwe na haraka, wengi watakwambia nenda Apostrophe (') ya 1974 kwa sababu ndiyo iliyouza, ilifika namba 10 kwenye chati ya Marekani, hakuna albamu yake nyingine iliyofika juu hivyo. Ni nzuri na ni fupi. Ila wimbo wa kwanza unahusu mtu anaota kwamba ni Meskimo, mama yake anamuonya asile theluji ya njano, na utamu wote upo kwenye kujua kwamba theluji imekuwa ya njano kwa sababu mbwa wa kuvuta sileji wamekojoa pale. Ukishaelezwa ndiyo unatabasamu. Mimi ningeiweka ya tatu.

Ya pili weka Roxy & Elsewhere, 1974 hiyo hiyo, ni laivu, sehemu kubwa ilirekodiwa Desemba 1973 kwenye ukumbi wa Roxy, Hollywood. Hii kwangu ndiyo bendi yake bora kuliko zote na nitabishana na yeyote. George Duke kwenye vinanda, madramu wawili kwa pamoja, Napoleon Murphy Brock anaimba na kupuliza, na Ruth Underwood kwenye marimba, ile kubwa ya kugonga kwa fimbo. Sikiliza Echidna's Arf inavyoungana na Don't You Ever Wash That Thing?, mle ndani hesabu za mapigo zinageuka geuka, ukijaribu kugonga mguu unajikuta umeachwa, na yule mama anapita juu yake kama anacheza bao. Usihesabu. Mtu aliyekulia kwenye ngoma za huku, sehemu ambayo kina mama wanapiga muheme kila mmoja na mkono wake na zinakutana tu zenyewe, anajua kwamba unaingia kwa mwili kwanza.

Na humo humo kuna Village of the Sun. Zappa alizaliwa Baltimore 1940 lakini ujana wake mwingi aliupitia Lancaster, California, pembeni ya jangwa la Mojave, huko ndiko alikuwa na bendi ya vijana weusi na weupe pamoja wakati jambo hilo liliudhi watu. Wimbo unahusu kijiji cha jirani na hapo, wafugaji wa batamzinga, na upepo wenye mchanga unaobandua rangi ya gari na kuharibu kioo, na anashangaa watu wanavumiliaje, na wanavumilia. Mkuu, mimi naishi Dodoma. Mwezi wa saba na wa nane nafuta vumbi kwenye meza ya kazi mara nne kwa siku. Ule wimbo wa kwanza wa Zappa wenye maneno niliouelewa moja kwa moja bila kufungua kamusi ni huo, na anaimba kwa upendo, hana kejeli hata kidogo, kitu ambacho kwake ni nadra.

Kuhusu ile mia moja isikutishe. Alipofariki Desemba 1993 kwa saratani ya tezi dume, akiwa na miaka 52, alikuwa ametoa sitini na kitu. Zilizobaki zimetolewa baada ya kifo kutoka kwenye kanda zake alizohifadhi, hizo ziache kwanza zote. Na wanaokwambia ni muziki wa mtu aliyevuta sana waambie dawa za kulevya hakutumia na wanamuziki wake aliwakataza wakiwa ziarani, yeye alikuwa mtu wa sigara, kahawa na kazi.

Joe's Garage ya 1979 usiifungue sebuleni kwa wazazi, maneno yake ni machafu kweli kweli. Lakini karibu na mwisho kuna Watermelon in Easter Hay. Albamu nzima ni hadithi ya mpiga gitaa aitwaye Joe, na hapo imefika mahali muziki umepigwa marufuku na Joe anapiga solo yake ya mwisho kichwani tu, hana gitaa tena. Solo karibu zote za albamu hiyo Zappa alizikata kwenye kanda za laivu akazibandika juu ya midundo mingine, hii akaipiga studio kwa ajili yake. Ni ya taratibu, dakika tisa hivi. Yule mzee wa kompyuta nilikuja kumuuliza kwa nini mtu wa kanisani alikuwa na foda lile, akanitajia huo wimbo tu, hakuongeza neno.

Kwa hiyo leo usiku Peaches, dakika tatu na nusu, hata bando la jero linatosha na chenji inabaki. Ila earphone zako zikague kwanza, pande zote mbili.