Je, alizeti pori inavuta naitrojeni hewani kama mikunde?

SWALI: Shamba langu limezungukwa na ua wa alizeti pori, ule mmea wa maua makubwa ya manjano. Nimeambiwa ina naitrojeni nyingi kwa sababu inaivuta hewani kama maharage. Nataka niikate na kuifukia kwenye mahindi na bustani ya mboga, niachane kabisa na mbolea ya dukani. Je, itawezekana? Na ni kweli majani yake yanatibu malaria?

JIBU: Ndugu msomaji, naitrojeni imo nyingi kweli, ila haitoki hewani. Alizeti pori (Tithonia diversifolia) ni ya familia ya alizeti, si jamii ya mikunde. Ng'oa mche mmoja uoshe mizizi yake: hutakuta vile vinundu vya mharage ambavyo ukivipasua vina wekundu ndani. Vinundu hivyo ndivyo makazi ya bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, na alizeti pori haina.

Uwezo wake uko kwenye kufyonza. Mizizi yake hushirikiana na kuvu wa udongoni wanaoisaidia kupata fosforasi, na kila inachokipata hukirundika kwenye majani. Majani makavu yana takriban asilimia 3.5 ya naitrojeni, 0.37 ya fosforasi na 4 ya potasiamu. Mmea wa vichakani kuwa na kiwango hicho ni jambo kubwa, na ndiyo maana watafiti waliufanyia kazi sana magharibi mwa Kenya miaka ya 1990.

Kwa hiyo ukikata uani ukafukia bustanini, rutuba umeihamisha tu, hujaiongeza. Mimi naona hili ndilo la kuzingatia kuliko yote. Ua ulioko ukingoni mwa barabara au chini ya mteremko, mahali maji ya mvua yanapotua na udongo uliosombwa juu, unakurudishia kilichokuwa kinapotea. Lakini ukitenga kipande cha shamba lako ukapanda alizeti pori ili ulishe kipande kingine, unakichosha kile cha kwanza.

Sasa tupige hesabu. Kiwango kilichotumika sana katika majaribio ni tani 5 za majani makavu kwa hekta. Majani mabichi ni maji kwa takriban asilimia 80, hivyo hizo ni tani 25 za kukata, kubeba na kufukia. Kwa shamba la mahindi, sikushauri: nguvu kazi itakushinda. Kwa bustani hesabu inakuwa rafiki, kwani kiwango hicho ni kilo 2.5 za majani mabichi kwa mita moja ya mraba, yaani kilo 25 kwa tuta la mita 10 kwa 1. Mboga zinazovunwa mara kwa mara zitakulipa jasho lako.

Kuhusu mbolea ya dukani, tani hizo 5 zina naitrojeni kilo 175 hivi lakini fosforasi kilo 18 tu. Udongo wako ukiwa na upungufu wa fosforasi, endelea kuweka ya fosfati. Ya naitrojeni unaweza kuipunguza sana bustanini.

Kata kabla haijachanua. Chukua majani na ncha laini zinazovunjika kwa vidole; shina lililokwisha kuwa mti liache, maana linaoza polepole na halina kitu kikubwa. Katakata, fukia siku hiyohiyo, kisha subiri wiki moja hadi mbili kabla ya kusia mbegu au kuhamisha miche. Majani yanaoza haraka sana, lakini yana kemikali chungu zinazoweza kuzuia mbegu kuota. Utazijua ukiyafikicha: harufu ni kali, na uchungu unabaki vidoleni hata baada ya kunawa.

Hakikisha pia unachokata ndicho. Jani lake kwa kawaida limegawanyika ndewe 3 hadi 5, wakati la alizeti ya mafuta halijagawanyika. Kikonyo cha ua kimevimba pale kinapokutana na kichwa. Na kile tunachokiita ua ni mkusanyiko wa maua mengi: yale ya pembeni yenye ulimi wa manjano ni tasa, mbegu hutoka kwenye yale madogo ya katikati.

Mbegu hizo ndizo sababu ya pili ya kukata mapema. Asili ya mmea huu ni Mexico na Amerika ya Kati, na katika nchi nyingi za joto umeshakuwa mmea vamizi unaofunika uoto wa asili. Vipande vya shina navyo huchipua vikigusa udongo wenye unyevu, hivyo usivitupe kando ya mto, wala usivifanye vijiti vya kuegemeza nyanya.

Kuhusu malaria, ni kweli watu wa sehemu nyingi huchemsha majani haya, na maabara imeyakuta na kemikali zinazoua vimelea. Lakini majaribio kwa panya yameonyesha pia madhara kwenye figo na ini, na hakuna kipimo salama kilichothibitishwa kwa binadamu. Usinywe. Ukiwa na homa nenda ukapimwe siku hiyohiyo, ikiwa ni malaria utumie dawa utakazoandikiwa, na umalize dozi.